Gari Kuukuu Linapochemsha Maji

Mhariri amenipa nafasi katika ukurasa huu wa Kiswahili niandike habari za motokaa, nami nimechagua ugonjwa mmoja tu, ule wa injini kupata joto kupita kiasi, ambao watu wetu huuita gari kuchemsha. Nimeuchagua kwa sababu njia zetu za huku Kigezi ni za milima, na magari mengi yanayozipanda ni ya zamani. Tena sijaona ugonjwa mwingine wa gari unaotibiwa kwa kubahatisha kama huu. Gari likichemsha, mtu wa kwanza husema, "Toa thamostati." Wa pili husema, "Nunua rejeta nyingine." Wa tatu husema, "Gasketi imeungua, tufungue hedi." Na mwenye gari, maskini, huwalipa wote watatu, kisha gari huchemsha palepale lilipokuwa likichemsha.

Sitaandika habari za magari mapya yenye feni za umeme na kompyuta. Yale yana vyombo vyake vya kuyauliza. Naandika habari za gari kuukuu, lenye kabureta na feni inayozungushwa kwa mkanda, ambalo halina wa kulisemea isipokuwa mtu mwenye macho na mikono.

Kwanza tujue joto lenyewe linatoka wapi. Petroli inapoungua ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000 za Sentigredi kwa kitambo kidogo sana. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho kilichofanyiwa injini nyingi za zamani, huyeyuka karibu na digrii 1,200. Basi kama joto lile halikuondolewa, injini haiwezi kudumu. Kwa makadirio, katika petroli yote unayoinunua, robo moja tu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi moja hivi huingia katika maji ya kupozea, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwa ekzosi. Maana yake ni kwamba rejeta hutupa nje nguvu nyingi kama zile zinazofika kwenye magurudumu, au kuzidi. Mtu akielewa jambo hili hatashangaa kwamba kitu kidogo kikiharibika katika njia ya maji, gari zima husimama.

Maji huanza safari yake chini ya rejeta, yakiwa yamepoa. Hupita mpira wa chini, huvutwa na pampu, husukumwa katika bloki kuzunguka silinda, hupanda katika hedi penye joto kali kuliko mahali pote, kisha hufika kwenye thamostati. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, nayo hurudi kwenye pampu kwa kibomba kifupi cha njia ya mkato, ili injini ipate moto upesi. Nta ikipata joto hufura na kuusukuma mlango. Hapo maji hupita mpira wa juu, huingia rejeta, na kushuka katika vibomba vyembamba huku yakipulizwa na hewa. Safari huanza tena.

Kitu kinachodharauliwa kuliko vyote ni kifuniko cha rejeta. Watu hukiona kama kifuniko cha sufuria, kazi yake kuzuia vumbi. Sivyo. Ndani yake mna springi na mpira, navyo huzuia mvuke mpaka msukumo ufikie kipimo kilichoandikwa juu yake. Katika magari ya zamani utaona mara nyingi 7, 9 au 10, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba. Ninyi mliosoma Fizikia mnajua kwamba maji yakiwa pwani, kama Mombasa, huchemka kwa digrii 100. Hapa Kabale, penye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari, huchemka kwa digrii 93 tu, maana hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. (Ndiyo sababu maharage ya shuleni hayaivi upesi; mpishi hana kosa.) Lakini kifuniko kizima cha ratili 9 hukandamiza maji hayo, yasichemke hapa kwetu mpaka yafike digrii 109 hivi. Kitu cha bei ndogo kama kile huipa injini nafasi ya digrii 16. Sijui chombo kingine cha gari chenye faida kubwa namna hiyo kwa fedha chache.

Sasa habari ya kutafuta ugonjwa. Mimi nikiletewa gari linalochemsha siishiki spana kwanza. Huuliza maswali mawili: Linachemsha wakati gani? Na maji yanakwenda wapi?

Swali la kwanza hutenga mambo mengi mara moja. Gari linalochemsha likisimama penye msongamano, lakini likikimbia linapoa, shida yake ni hewa. Mkanda wa feni umelegea, au feni imevunjika ubawa, au matundu ya rejeta yamezibwa na udongo na mbegu za majani. Likikimbia, hewa ya safari hufanya kazi ya feni, na ndiyo maana hupoa. Gari linalotulia likisimama, lakini likichukua mzigo na kupanda mlima linachemsha, shida yake aghalabu ni maji yenyewe: ama ni machache, ama hayatembei ya kutosha. Gari linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, hata halijatoka uani, mtu aishuku thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au gasketi ya hedi. Tena liko lile ambalo mpira wake wa chini hunywea kama shavu la mzee asiye na meno kila dereva anapokanyaga mafuta. Huo mpira umechoka. Pampu inapovuta kwa nguvu, mpira hujifunga wenyewe, na maji hukatika. Ukiutazama gari likisimama na injini ikienda polepole utauona mzima kabisa. Sharti mtu mmoja akanyage mafuta na mwingine atazame, akiweka mikono na nguo zake mbali na feni.

Na swali la pili: maji hayapotei bure, yana mlango yanapotokea. Lala chini utazame. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shingo yake, nacho kiliwekwa makusudi. Kikianza kutoa machozi, sili ya pampu imekwisha. Shika feni (injini imezimwa!) uitikise mbele na nyuma, ikicheza, beringi ya pampu inakwenda zake. Tazama zulia la miguuni, kama gari lina hita, maana rejeta ndogo ya hita nayo huvuja. Tazama visahani vya chuma vilivyopigwa pembeni mwa bloki. Wazungu wa nchi za baridi wamezoea kuviita plagi za barafu, wakidhani viliwekwa ili vitoke maji yakiganda. Kwa kweli huziba matundu yaliyobaki wakati wa kusubu bloki, yalipotolewa mchanga. Kutu huvila kutoka ndani, na kimoja kikitoboka mara nyingi ni kile cha nyuma usichoweza kukifikia.

Kama nje pote ni pakavu, basi maji yanatoka kwa ekzosi yakiwa moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, au yanaingia katika oili na kuifanya rangi ya chai ya maziwa. Lakini angalieni: povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili si dalili ya kutosha. Kwa gari linalokwenda safari fupi katika asubuhi zetu za baridi, huo ni unyevu wa hewa tu. Nimeona hedi iliyofunguliwa kwa ajili ya povu la namna hiyo.

Niwape mfano mmoja. Mwezi wa Julai 2023, siku ya Jumamosi, nilikuwa uani pamoja na vijana sita wa kidato cha tatu na cha nne wanaopenda ufundi. Akaja mzee mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na Land Rover yake Series III ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,286. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985, kwa hiyo hata lililo dogo kwa umri ni kubwa kuliko walimu wengi wa hapa. Hulichukulia viazi kutoka Kisoro kuja Kabale. Lilikuja likivuma mvuke kama birika.

Kijana mmoja, kwa wema wake, alikimbilia kifuniko cha rejeta apunguze mvuke. Nikamshika mkono. Jambo hili naomba mlisome mara mbili. Maji ndani ya rejeta yenye msukumo huweza kuwa na joto kupita lile la kuchemka, nayo bado ni maji. Siku unapofungua kifuniko, msukumo hutoka, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Na maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Yaliyobaki hurushwa usoni mwako. Watu wameharibika macho na vifua kwa haraka ya dakika moja. Injini izimwe, boneti lifunguliwe, watu wangoje. Ikiisha kupoa, weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, kizungushe mpaka kituo cha kwanza, usikie kama kinapumua, ndipo ukitoe. Wala usimwagie injini yenye moto maji ya baridi ya mtoni. Chuma kilichofura kikipozwa ghafula upande mmoja hupasuka, na hapo hakuna gasketi itakayokuokoa.

Basi tukangoja saa nzima, na katika kungoja nikawaambia vijana wamwulize mzee.

"Mzee, likisimama sokoni na injini inakwenda, linachemsha?"

"Hapana, mwanangu. Hata nusu saa likipakia, halichemshi."

"Na njia ya tambarare?"

"Hakuna neno. Lakini nikitoka Kisoro na mzigo, nikiingiza gia ya pili kupanda Kanaba, kabla sijafika juu mshale umelala kwenye moto. Naongeza lita tatu, naendelea. Siku moja mshale ulipanda, kisha ukaanguka wenyewe hata penye baridi. Nilifurahi. Nilikwenda kidogo tu, injini ikaanza kugonga."

Mshale ule haukuanguka kwa sababu injini imepoa. Kile chombo kinachopima joto hupima vizuri kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha, hubaki katika mvuke au hewa, na mshale huweza kushuka wakati injini inateketea. Mshale ukianguka ghafula mlimani, simameni upesi kuliko ulipokuwa juu.

Mzee akaongeza: "Mafundi wawili wamelishika. Wa mwisho ameniambia ni gasketi, na hedi imepinda. Mwalimu, nimechoka. Juma lijalo nauza ng'ombe nifungue injini."

Nikamwomba asiuze mpaka tuone.

Kijana mmoja aliuliza swali ambalo nililifurahia: Tutajuaje kwamba geji yenyewe inasema kweli? Katika Land Rover hii geji ya joto na geji ya petroli hupata umeme wake kwa kisanduku kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoupunguza umeme uwe wa kiasi kimoja siku zote. Kisanduku kile kikiharibika na kupitisha umeme mwingi, geji zote mbili husema zaidi ya kweli. Basi tukatia kijiti katika tangi ya petroli, tukalinganisha na geji. Vikapatana. Geji haikuwa na uongo, na mvuke nao tulikuwa tumeuona kwa macho.

Injini ilipoanza kupoa nikawaonyesha kupapasa rejeta kwa nyuma ya mkono, mbele ya gari, injini ikiwa imezimwa. Rejeta nzima hupungua joto kidogo kidogo kutoka juu hata chini. Hii ilikuwa na moto juu na katikati, lakini pembeni chini upande wa kushoto palikuwa baridi kama jiwe la asubuhi. Mahali palipo baridi ni mahali maji yasipopita.

Kisha kifuniko. Springi ilikuwapo, lakini mpira wake ulikuwa umekatwa kwa kisu ukatolewa. Mzee akasema fundi wa kwanza aliukata ili mvuke upumue, rejeta isipasuke. Mnaona sasa: gari lile lilikuwa likipanda mlima uliopita mita 2,000 na maji yasiyo na msukumo wo wote, yenye kuchemka chini ya digrii 93. Na yalipoanza kuchemka yalimwagika kwa kijibomba cha pembeni, yakapungua. Yalipopungua, yale machache yaliyobaki yalipata moto upesi zaidi. Lita tatu za kila safari zilitoka hapo.

Tukafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye kosa linalopendwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Watu husema: nchi yetu ni ya joto, thamostati ni ya Wazungu wa theluji, itoe maji yapite kwa wingi. Maneno hayo yanasikika kama yana akili. Lakini kumbukeni ile njia ya mkato. Katika injini hii thamostati yake ya asili ina sketi ya bati ambayo, mlango unapofunguka kwenda rejeta, huteremka na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote. Maji, kama watu, hupenda njia fupi. Sehemu kubwa hurudi kwenye pampu bila kuonana na rejeta, na huingia tena katika injini yakiwa na moto uleule. Sokoni hamtaona kitu, maana joto ni kidogo. Mlimani, penye joto jingi, gari linachemsha. Na mtu akinunua thamostati yo yote inayoingia katika tundu, isiyo na sketi ile, hatapona. Sharti apate ile ya injini yake.

Simlaumu sana aliyeitoa. Huenda ilikuwa imekwama, na kuitoa kukamfikisha mzee nyumbani siku hiyo. Kwa dharura njiani ni halali. Lakini dharura ile ilikuwa imedumu miaka miwili.

Tena gari lisilo na thamostati likienda tambarare halipati moto wa kutosha. Petroli haivukizi vema, huosha oili katika kuta za silinda, na injini huzeeka kabla ya siku zake. Kwa hiyo hata pale gari lisipochemsha, hasara ipo.

Ikabaki habari ya gasketi, ambayo ndiyo iliyokuwa na ng'ombe wa mzee mkononi. Tuliliacha gari lilale, na Jumapili baada ya kanisa, injini ikiwa baridi kabisa, tukaipima kwa njia ya maskini, isiyotaka chombo cha kununua. Tulivua mkanda wa feni, ili pampu isiyakoroge maji. Tukajaza rejeta mpaka mdomoni, tukaacha kifuniko wazi, tukawasha injini na kuikanyaga kidogo. Kipimo hiki kisizidi dakika moja, maana maji hayatembei. Gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji hupitisha hewa ya moto, na utaona mapovu yakipanda mfululizo mdomoni tangu mwanzo, kama sufuria ya uji. Vijana sita waliinama, vichwa vikagongana. Povu moja lilipanda, kisha basi. Tukafungua plagi nne tukazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa na rangi moja ya kahawia. Kama maji yangalikuwa yakiingia katika silinda moja, plagi yake ingekuwa safi kama iliyooshwa. Oili ilikuwa nyeusi, si ya maziwa.

Nikamwambia mzee ng'ombe wake akae.

Tulitoa rejeta, tukaipindua kichwa chini, tukaingiza mpira wa bustani mahali pa kutokea maji chini, tukayasukuma kinyume cha njia yake ya kila siku. Robo saa yalitoka maji mekundu na vipande vya kutu, na kitu kama tope la mto. Mzee alikuwa akijaza maji ya mahali po pote alipoishiwa. Nje, katikati ya matundu, tuliosha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kwa sababu mapezi yake ni laini na hulala yakipigwa. Tulipoziba chini kwa kiganja, tukaijaza na kuachia, maji yalitoka yote kwa mkupuo mmoja. Rejeta iliyoziba hutoa kidogo kidogo, kama mtungi wenye shingo nyembamba.

Thamostati mpya ilikuwa imeandikwa 82. Kabla ya kuitia tuliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na pima-joto, isiguse chini. Usiamini kitu kwa sababu ni kipya. Ilianza kufunguka penye digrii 83. Maji yetu ya Kabale yalichemka kabla mlango haujafunguka mpaka mwisho, na kijana mmoja akadhani ni mbovu. Ilikuwa nzima, ila sufuria haina kifuniko cha ratili 9. Tulitia pia mpira mpya wa chini, maana wa zamani ulikuwa laini kama andazi, na kifuniko kipya chenye kipimo cha gari lile. Mtu asinunue chenye nambari kubwa akidhani ni bora zaidi. Rejeta kuukuu hufumuka kwenye viungio. Gharama ya vitu vyote haikufika bei ya mbuzi.

Tukakumbuka pia mambo yanayoongeza joto bila kosa la maji. Moto wa plagi uliocheleweshwa, na petroli iliyo haba kuliko hewa, huipa injini homa. Breki inayokamata huifanya injini ivute mzigo usioonekana. Baada ya safari papasa kila gurudumu penye kitovu, moja likiwa na moto kuliko wenzake umeipata. Ya mzee hayakuwa na neno.

Katika kujaza, fungua bomba la hita, ujaze polepole, uwashe injini, usubiri mpaka mpira wa juu upate moto ghafula. Hapo thamostati imefunguka na hewa iliyofichama hutoka, na maji hushuka. Ongeza. Katika rejeta isiyo na chupa ya akiba, acha nafasi ya inchi moja hivi chini ya mdomo. Maji hupanuka yakipata moto. Ukijaza mpaka juu yatamwagika kiasi kile kile kila siku, nawe utasema gari linakunywa maji.

Jumamosi iliyofuata mzee alikwenda Kisoro, akarudi na magunia 8. Mshale ulipanda kidogo Kanaba, ukasimama, ukarudi. Asubuhi tulitazama maji yakiwa baridi: yalikuwa yamepungua upana wa kidole, na tangu siku hiyo hayakupungua tena.

Neno la mwisho ni juu ya maji yenyewe. Maji matupu hula chuma, na maji ya chumvi hula zaidi. Mwenye kupita Katwe asithubutu kujaza rejeta kwa maji ya ziwa lile. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni mema kuliko ya kisima yenye chokaa. Lakini afadhali kutia kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Watu wetu husema ni dawa ya barafu, nasi hatuna barafu. Kweli hatuna, ila ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, nayo huinua kidogo joto la kuchemka. Dawa ya kutu huchoka, hivyo kulanti hubadilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, hata kama rangi yake bado ni nzuri. Wala msichanganye rangi mbili msizozijua. Nyingine zikikutana hufanya utelezi unaoziba vibomba tena.

Kulanti nyingi zina glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Mbwa huilamba, na mtoto akiinywa kidogo tu huweza kuharibika figo au kufa. Tulipoondoa maji ya rejeta tuliyakinga katika debe, tukalifunika na kuliandika, tukaliweka juu ya rafu penye kufuli. Kopo lisiwe la soda. Mtu akinywa, apelekwe hospitali saa ile ile pamoja na kopo lenyewe, hata kama hasikii kitu, maana ugonjwa wake huchelewa kuonekana.

Toleo lijalo, Mhariri akiniruhusu, nitaandika habari za breki za ngoma, na kwa nini gari huvuta upande mmoja.